Volti Sita za Birmingham

BSA Golden Flash, pikipiki iliyoundwa Birmingham katika miaka ya 1950, ina mitambo miwili ya umeme isiyojuana. Mmoja ni magneto ya kampuni ya Lucas, aina ya K2F, inayozungushwa na injini na kurusha cheche katika plagi zote mbili bila kuomba kitu kwa betri. Mwingine ni dinamo ya wati 60 inayochaji betri ya volti 6, nayo betri inawasha taa na honi. Betri ikifa usiku utakosa taa, lakini injini haitashtuka. Ing'oe kabisa, iweke mezani, kisha piga kiki: pikipiki itawaka.

Naanza hapo kwa sababu ndipo ubishi wa wapenzi wa pikipiki kongwe unapokwenda kombo. Huulizana kama waache umeme wa asili au waweke wa kisasa, kana kwamba umeme wa pikipiki ni mzigo mmoja wa kubebwa wote au kutupwa wote. Fundi hodari hauendei hivyo. Hukihoji kifaa kimoja kimoja: je, kinafunguka? Kikiugua, mtu mwenye bisibisi na subira ataona kinapoumwa?

Magneto inafunguka. Ndani mna sumaku, waya uliosukwa kwenye chuma kinachozunguka, na platini, yaani zile ncha mbili zinazokutana na kuachana. Zikiachana kabisa, nafasi kati yake ni milimita 0.3. Lakini nafasi si kazi. Kazi ni kuijua nukta yenyewe zinapoanza kuachana, maana hapo ndipo cheche inaporuka. Fundi huzibana juu ya kipande cha karatasi ya kusokotea sigara, akakivuta kidogo kwa vidole huku mkono wa pili ukiizungusha injini taratibu. Karatasi ikiteleza, amefika. Nakipenda kipimo hiki kuliko vyote vya gereji, ingawa mimi sivuti.

Hata ugonjwa wake mkubwa una dawa. Kondensa yake imefichwa ndani ya ile sehemu inayozunguka, na kwa uzee huanza kuvuja umeme. Dalili zake wenye pikipiki hizi wanazikariri: asubuhi injini inawaka vizuri, unasafiri, unasimama kunywa chai, na ikiwa bado ya moto inakataa kiki hadi jasho likutoke. Tiba ni kuifumua magneto, kutia kondensa ya kisasa na kusuka waya upya. Ina udugu na kazi ya mafundi wetu wa kusuka mota, ila waya wa magneto ni mwembamba kama unywele, na kosa la mzunguko mmoja halionekani mpaka siku ya safari. Hiyo kondensa mpya ni kitu cha leo ndani ya mwili wa zamani. Sioni aliyedhulumiwa.

Kwa kidhibiti chaji sina huruma. Cha asili ni kisanduku chenye sumaku ya umeme inayofungua na kufunga ncha zake haraka haraka ili dinamo isiikaushe betri wala kuichoma. Ni akili nzuri ya zama zake, lakini mtikisiko na miaka huiyumbisha, na kuirekebisha barabara kunataka mita sahihi na mtu aliyefundishwa. Leo kipo cha kielektroniki kinachoingia ndani ya kisanduku kilekile, kifuniko kikarudishwa na skrubu zake. Kipo pia cha volti 12, na dinamo ileile ya kale huweza kuzitoa, mradi izunguke kwa kasi zaidi kidogo.

Kwa nini mtu azitake hizo 12? Balbu ya wati 30 kwa volti 6 inakula ampia 5. Kwa volti 12 inakula 2.5. Ampia zikipungua nusu, umeme unaopotea kama joto katika waya uleule unabaki robo tu. Basi ile taa hafifu ya njano mara nyingi si kosa la balbu. Ni njia. Na njia yenyewe, ukiifuatilia, inachekesha: katika pikipiki nyingi za Kiingereza, umeme wa taa ya mbele hurudi kwenye betri kupitia chuma cha fremu, na kabla ya kuifikia fremu unapita kwenye gololi za shingo ya usukani, zilizozama katika grisi. Volti 6 hazina ubavu wa kubishana na grisi na kutu. Waya mmoja wa ethi kutoka kwenye taa hadi kwenye betri, uliopitishwa chini ya tangi pasipoonekana, hutengeneza zaidi ya vifaa vingi vya bei. Haubadilishi sura ya chochote.

Waingereza humtania Lucas kwa jina la Mwanamfalme wa Giza. Utani mtamu, lakini nadhani unamwonea. Madhambi mengi yanayohesabiwa kwake ni ya wamiliki waliofuatana, kila mmoja akisokota nyaya kwa vidole, akizungushia utepe na kuahidi kurudi kesho. Waringi nzuri huonekana kwenye viungio. Risasi ya kulehemu ikipanda mno ndani ya waya, nyuzi zake hukakamaa na kukatika palepale kwa mtikisiko. Kwa hiyo kiungio hushikizwa, na waya huachiwa ulegevu kidogo penye kona ili usukani ukigeuka usivutwe. Ukitazama waringi ya namna hiyo unajua aliyeifunga alikuwa akiiwazia barabara. Vijana wa bodaboda wanaopachika taa za LED kila pembe wana jicho la urembo, siwanyimi, ila wachache wanaokumbuka fyuzi.

Mambo hugeuka kwa pikipiki zisizo na magneto. Mwaka 1953 kampuni ya Triumph iliiondoa kwenye pikipiki yake ya Speed Twin ikaweka altaneta na koili. Betri sasa ikawa mtu wa lazima, na wahandisi walilijua hilo: swichi ikapewa nafasi ya dharura, inayopeleka umeme wa altaneta moja kwa moja kwenye koili ili uweze kuwasha hata betri ikiwa imelala. Hapa wengi hutoa platini na kufunga mfumo wa kielektroniki. Siwalaumu, injini inatulia, na marekebisho ya kila mara yanaisha. Lakini baadhi ya mifumo hiyo huvuruga wakati wa cheche volti zikishuka, na ikifa imekufa. Platini iliyochafuka utaisugua kando ya njia kwa kiberiti, ule upande wa kuwashia njiti, ukafika nyumbani. Kwa safari za mbali ningebaki nayo. Kwa mtu wa kuzunguka mjini Jumapili, afunge anachotaka.

Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, katika Mkataba wake wa Turin wa 2012, linataka mabadiliko yawe ya staha na yanayoweza kurudishwa, na vipuri vya asili vilivyotolewa vitunzwe. Mimi naongeza kitu kimoja: mchoro. Kila waya uliohamishwa uchorwe kwa wino, karatasi iingizwe katika mfuko wa plastiki na kuwekwa pamoja na spana. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, iandikwe kwamba ethi ya pikipiki hii ni upande wa chanya, maana hivyo ndivyo Waingereza walivyozifunga nyingi za enzi hizo, na fundi aliyezoea magari ya leo ataunganisha hasi kwenye fremu bila hata kutazama. Vifaa vya kielektroniki huungua kwa kosa hilo mara moja. Magneto haitajali.