Ringi iliyonyooka na ringi iliyokaza

Fundi wa kandokando ya barabara hupindua baiskeli, huzungusha gurudumu, hukaza spoku mbili tatu, na mteja huondoka na ringi iliyonyooka. Ikiwa mteja anakaa Rebero, kilima cha kusini mwa Kigali ambako Tour du Rwanda ya 2023 ilimalizia hatua yake ya mwisho, huenda ringi ikaanza kucheza tena kabla hajafika bondeni. Kunyooka ni jambo moja, kukaza sawasawa ni jingine. Anayetaka kujifunza kusuka ringi nyumbani aanzie hapo, ingawa wengi huanzia kwenye kununua vifaa.

Spoku ya kawaida ina unene wa milimita 2. Ukiisukuma kwa ncha itapinda, kwa hiyo haibebi kama nguzo. Nguvu yake iko katika kuvutwa: kwenye gurudumu zuri, kila spoku imevutwa mapema kana kwamba imening'inizwa mzigo wa kilo mia moja hivi. Ukikaa kwenye baiskeli, spoku za chini hulegea kidogo, na kulegea huko ndiko kubeba kwenyewe. Mhandisi Jobst Brandt alilionyesha hili kwa hesabu katika kitabu chake The Bicycle Wheel cha 1981, na wapo wanaobisha mpaka leo. Ila matokeo yake hayabishaniwi: spoku iliyoanza ikiwa legevu hulegea kabisa kila gurudumu linapozunguka, nati yake hujifungua, na baada ya muda chuma huchoka na kukatika pale shingoni, karibu na habu. Gurudumu la nyuma, linalobeba mzigo na kuvutwa na mnyororo mlimani, ndilo huumia zaidi. Waliotengeneza zile baiskeli kubwa za Kiingereza walilijua: mbele spoku 32, nyuma 40.

Kusuka si kugumu kama kunavyoonekana. Chukua habu ya matundu 36, yaani 18 kila upande. Spoku tisa za kwanza zinaingia kwenye matundu ya upande mmoja, tundu moja likitiwa na jingine likirukwa. Kwenye ringi, ya kwanza inafungwa jirani na tundu la valvu, kisha unaacha matundu matatu kabla ya kufunga inayofuata, mpaka uzunguke. Upande wa pili vivyo hivyo. Halafu unaishika habu na kuizungusha kwa mkono, spoku zote zinalala upande mmoja. Zile 18 zilizobaki zinalala kinyume. Kila moja inakatana na wenzake watatu wa upande wake: inapita nje ya wawili wa kwanza, ndani ya wa tatu. Mwisho utazame valvu. Ikiwa imebanwa kati ya spoku mbili zinazokaribiana, pampu haitaingia, na kazi inarudi mwanzo.

Mlalo huo si urembo. Spoku zikinyooka moja kwa moja kutoka katikati, habu ikisukumwa na mnyororo hujizungusha kidogo kwanza kabla ringi haijafuata. James Starley wa Coventry alipata hataza ya spoku za kulala mwaka 1874, na ringi za kaboni zilizopanda mawe ya Kimihurura, Kigali, katika mashindano ya dunia ya baiskeli ya Septemba 2025 hazikuikwepa kanuni hiyo. Breki za diski hata zimeirudisha kwenye gurudumu la mbele, maana sasa habu ndiyo inayokamatwa.

Sasa kunyoosha. Pindua baiskeli isimame kwa usukani na tandiko. Raba za breki ndizo kipimo chako. Tia mafuta kwenye nyuzi za spoku, pale nati inapofungwa. Nati ikizunguka mara moja huivuta spoku chini ya nusu milimita, basi robo mzunguko inatosha, na mara nyingi hata hiyo imezidi. Ringi ikiegemea kushoto, mwanafunzi hukimbilia kukaza spoku ya kulia. Asubiri. Azigonge spoku za hapo kwa kijiti na kusikiliza. Ikiwa ya kushoto inalia juu kuliko jirani zake wa upande huohuo, kosa ni lake, ilegezwe. Akikaza ya kulia, ringi itanyooka, lakini spoku mbili zitakuwa zinagombana na nyingine zimelala. Ndiyo ringi isiyomaliza mteremko.

Usilinganishe sauti za kulia na kushoto kwenye gurudumu la nyuma lenye gea nyingi. Gea huisogeza sahani ya kulia ya habu kuelekea katikati, spoku zake zinasimama wima zaidi, nazo lazima zikaze kuliko za kushoto.

Ukimaliza, zibane spoku mbilimbili kwa viganja, kwa nguvu mpaka viume. Zitatoa milio, zikikaa mahali pake, nyoosha tena. Kisha geuza gurudumu, kulia kuwe kushoto, ulirudishe kwenye fremu. Tofauti utakayoiona ni mara mbili ya kosa lako la kuiweka ringi katikati.

Ringi iliyopigwa na jiwe haitibiki kwa ufunguo wa spoku: ukiinyoosha, sauti zinaachana, ukizisawazisha sauti, inapinda. Nunua mpya yenye kipenyo kilekile, ifunge kwa utepe wa gundi ubavuni mwa ile ya zamani, tundu kwa tundu, uhamishe spoku mojamoja. Hapo habu na spoku vinabaki vilevile, na hesabu ya kusuka imekwisha kufanywa na aliyekutangulia.