Sekunde chache kabla ya jina: ufundi wa kumtangaza mshindi wa Oscar

Sherehe za Oscar zilirushwa kwenye televisheni kwa mara ya kwanza Machi 19, 1953, na mlima wetu ulikuwamo. Filamu ya The Snows of Kilimanjaro, waliyocheza Gregory Peck, Susan Hayward na Ava Gardner, ilikuwa ikiwania tuzo mbili usiku huo: upigaji picha wa filamu ya rangi na usanifu wa mandhari. Ilitoka mikono mitupu. Tuzo ya upigaji picha ilichukuliwa na The Quiet Man, ile ya mandhari ikaenda kwa Moulin Rouge. Hapa Moshi hakuna aliyeshuhudia, kwa sababu Tanzania Bara ilisubiri hadi miaka ya 1990 ndipo ikapata vituo vyake vya televisheni.

Leo mpenzi wa filamu aliyeko Pasua, Kibosho au Marangu anaifuata sherehe hiyo mubashara, jina kwa jina. Asubuhi yake tunabishana nani alistahili na nani kaonewa. Ubishi huo ni mtamu, ila unatusahaulisha kazi nyingine inayofanyika mbele ya macho yetu, kazi ya kumtangaza mshindi. Kazi hiyo ina ufundi wake, na naamini ndiyo sehemu ya Oscar ambayo waandaaji wa tuzo zetu wanaweza kuichukua kwa gharama ndogo kuliko zote.

Dishi linalotazama juu

Oscar hupangwa kwa saa za Marekani. Mwaka 2014 matangazo yalianza saa 2:30 usiku kwa saa za New York, yaani saa 10:30 alfajiri kwetu. Tangu 2024 huanza saa 1:00 usiku huko, na huku inakuwa saa 8 au saa 9 usiku wa kuamkia Jumatatu, kutegemea kama Wamarekani wameshasogeza saa zao mbele. Sherehe yenyewe mara nyingi huangukia mwishoni mwa Februari au Machi, masika yanapobisha hodi upande wa kusini wa Kilimanjaro.

Satelaiti inayobeba matangazo ya DStv katika ukanda huu iko juu ya ikweta, nyuzi 36 mashariki, na Moshi iko karibu na nyuzi 37. Ndiyo maana madishi ya huku yanatazama karibu wima angani. Kwa mtu wa mlimani hiyo ni heri, maana kilima kinachoziba mawimbi ya antena ya kawaida hakiwezi kuziba satelaiti iliyo utosini. Adui ni mvua. Matone mazito hunyonya na kutawanya mawimbi ya satelaiti hiyo, king'amuzi kinakosa data ya kutosha, picha inaganda, kisha inatoweka. Mvua ikipiga kati ya bahasha kufunguliwa na jina kutajwa, mtazamaji amekosa kitu ambacho marudio ya jioni hayamrudishii.

Nyuso tano, na mwongozaji hajui

Tuchukue tukio ambalo Afrika Mashariki nzima inalikumbuka. Ni Machi 2, 2014, katika ukumbi wa Dolby, Hollywood, na tuzo ni ya mwigizaji bora msaidizi wa kike. Anayepanda kutangaza ni Christoph Waltz, aliyeshinda mwaka uliotangulia upande wa wanaume. Wanaowania ni Sally Hawkins, Jennifer Lawrence, Julia Roberts, June Squibb na Lupita Nyong'o, binti wa Kenya aliyecheza Patsey katika 12 Years a Slave. Kwetu ilikuwa Jumatatu, giza likikaribia kuisha.

Tazama mpangilio wa kipengele kama hicho. Kwanza kila anayewania anatajwa, na kwa kawaida kinaonyeshwa kipande kifupi cha kazi yake. Aliyeko sebuleni ambaye hajaiona filamu anapewa sababu ya kumjali mtu huyo. Kisha skrini inagawanywa, nyuso tano zinakaa pamoja. Picha hiyo moja inahitaji maandalizi makubwa. Wanaowania wamekalishwa viti vya mbele, jirani na njia, ili kila mmoja awe na kamera inayomkodolea na aweze kufika jukwaani bila kuruka magoti ya watu. Akitoka kidogo, yupo mtu maalumu wa kukalia kiti chake ili kamera isikute pengo.

Mwongozaji wa matangazo mwaka huo alikuwa Hamish Hamilton. Mtu wa kazi yake hukaa mbele ya ukuta wa skrini, akitaja kamera ipi iende hewani. Pamoja na mamlaka yote hayo, hajui jina lililo ndani ya bahasha. Hapo ndipo ulipo ufundi wenyewe. Angelijua, kamera ingemkimbilia mshindi nusu sekunde mapema, na sisi tungelisoma jibu kabla halijatamkwa. Kwa kuwa hajui, lazima awe tayari kwa watu watano kwa usawa. Jina linapotamkwa, anachagua uso mmoja kati ya nyuso tano kwa kasi ya kufumba na kufumbua.

Uso wa Lupita ulipobadilika, mtu wa Kisumu, wa Moshi na wa Los Angeles walipata habari karibu wakati ule ule ambao yeye mwenyewe aliipata. Mshangao ulikuwa wa kweli kwa sababu mfumo mzima ulijengwa kuulinda.

Karatasi ndani ya bahasha

Ulinzi huo una historia. Mwaka 1940 gazeti la Los Angeles Times lilichapisha majina ya washindi mapema, na wageni wakawasili ukumbini wakiwa na habari kamili. Mwaka uliofuata zikaanza bahasha zilizofungwa. Hadi mwaka 2017 waliojua majina kabla ya wakati walikuwa wahasibu wawili wa kampuni ya PricewaterhouseCoopers. Bahasha zilitengenezwa seti mbili kamili, na kila mhasibu alisimama upande wake wa jukwaa akiwa na seti moja, kwa kuwa watangazaji walitokea pande zote mbili.

Februari 26, 2017, mfumo huo ulipasuka. Warren Beatty alipanda na Faye Dunaway kutangaza filamu bora, mkononi akiwa na bahasha ya ziada ya mwigizaji bora wa kike, tuzo ambayo Emma Stone alikuwa ameshaipokea kwa kazi yake katika La La Land. Beatty alisita, akamwonyesha mwenzake, na Dunaway akasoma jina la filamu aliloliona. Waliotayarisha La La Land walikuwa wameanza kushukuru ndipo ikajulikana kwamba mshindi ni Moonlight.

Wengi walimlaumu aliyekabidhi bahasha. Mimi nalaumu pia usanifu. Bahasha ilikuwa nyekundu, na jina la kipengele limeandikwa juu yake kwa herufi za dhahabu ambazo hazisomeki kirahisi kwenye mwanga hafifu wa nyuma ya jukwaa. Ndani, kadi iliweka jina la mshindi kwa herufi kubwa katikati, na jina la tuzo kwa herufi ndogo chini kabisa. Kadi ya aina hiyo haimsaidii msomaji kugundua kosa. Jina la tuzo lingekaa juu, kwa herufi nene, Beatty angeona pale pale kwamba kashika karatasi isiyo yake.

Hata katika vurugu ile kuna mtu wa kupongezwa. Jordan Horowitz, mtayarishaji wa La La Land, aliinua kadi sahihi, na mpiga picha akaisogelea mpaka maandishi yakajaza skrini. Dunia ikajisomea yenyewe. Pasingekuwa na picha ile, ubishi ungedumu mpaka leo.

Muda wa kusema

Oscar hutaka hotuba ziishe ndani ya sekunde 45, kisha bendi inaanza kupiga muziki wa kumwondoa mtu jukwaani. Mwaka 2013 muziki wa filamu ya Jaws ulimfunika Bill Westenhofer, mmoja wa washindi wa tuzo ya athari maalumu za picha kupitia Life of Pi, alipoanza kuizungumzia kampuni yao iliyokuwa imefilisika. Lilikuwa kosa. Televisheni ilimkatiza mtu pale pale alipofika kwenye jambo la maana.

Mwaka mmoja baadaye Lupita alizungumza kwa zaidi ya dakika mbili. Alianza na mateso ya Patsey wa kweli kabla ya kushukuru watu wake, akamalizia kwa kuwaambia watoto, popote walikotoka, kwamba ndoto zao zina thamani. Aliachwa amalize. Ratiba ya matangazo ni amri, lakini mwandaaji mzuri hujua sentensi ipi inastahili kuvunja amri. Wenye kuikumbuka sherehe ile huku kwetu wanaikumbuka kwa dakika hizo mbili.

Tuanzie wapi

Tuzo si jambo geni kwetu. Machi 2016 Elizabeth Michael 'Lulu' na Single Mtambalike 'Richie' walirudi na tuzo za filamu na televisheni za Afrika, AMVCA, kutoka Lagos. Zanzibar ina tamasha la filamu la ZIFF, na Bodi ya Filamu inasimamia tuzo za kitaifa. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji iliiwakilisha Tanzania katika kuwania nafasi ya Oscar. Vipaji tunavyo. Katika sherehe nyingi za ukanda huu kinachopungua ni ile heshima ya sekunde chache kabla ya jina. Anayewania ameketi nyuma kabisa, kamera inamtafuta gizani. Majina yanasomwa haraka bila hata kipande kimoja cha filamu. Mshindi akifika jukwaani, mshereheshaji ndiye anayezungumza zaidi.

Kuanzia mwaka 2029 Oscar itahamia YouTube, na mwenye simu na bando huko Rombo ataiona bila king'amuzi. Mtazamaji wetu atazidi kuzoea kazi iliyopangwa vizuri, na hatazivumilia tena sherehe zinazomtangaza mshindi kana kwamba zinasoma orodha ya mahudhurio.

Basi, waandaaji wa tuzo zetu: wakalisheni wanaowania mbele, karibu na njia. Onyesheni kazi ya kila mmoja kabla ya kufungua bahasha. Mwongozaji wa kamera asijue jina. Andikeni jina la tuzo juu ya kadi, kwa herufi kubwa. Na mshindi akifika kwenye kipaza sauti, mwacheni aseme.