Samaki Ndani ya Kibaba

Masu ni kisanduku cha mraba cha mbao za mti wa hinoki, pembe zake zimeumana kwa meno yaliyochongwa, na Wajapani walikitumia kwa karne nyingi kupimia mchele kama watu wa pwani ya Afrika Mashariki walivyopimia nafaka kwa kibaba. Kile kidogo cha kawaida hubeba mililita 180. Siku hizi huonekana zaidi kwenye sherehe, kimejazwa sake, pombe ya mchele. Riusuke Fukahori, msanii aliyezaliwa Nagoya mwaka 1973, amekigeuza dimbwi. Mtu akikiinamia humwona samaki mwekundu ametulia majini, mkia umetanda kama kanga iliyotupwa kisimani, kivuli chake kimelala juu ya mbao za chini. Lakini maji hayo hayalowanishi kidole, na samaki mwenyewe ni rangi tupu.

Kinachoonekana kama maji ni rezini ya epoksi, ambayo hutoka katika makopo mawili: kimiminika chenyewe na dawa ya kukigandisha. Vikichanganywa kwa kipimo sahihi huganda polepole hadi kuwa kitu kigumu, angavu kama kioo. Fukahori alianza kuitumia mwaka 2002. Humimina kiasi kidogo chini ya kisanduku, akangoja kigande. Kisha huchukua brashi nyembamba na rangi ya akriliki, akachora sehemu za samaki zilizo chini kabisa, yaani mapezi ya tumboni na ncha za mkia. Hapo bado hakuna samaki. Kuna michirizi michache ya rangi ya machungwa ambayo mpita njia angedhani ni uchafu. Humiminwa tabaka jingine, hungojwa tena, na juu yake huja tumbo, kisha mbavu, kisha magamba, yanayochorwa moja moja kwa ncha ya brashi, na mwisho kabisa pezi la mgongo. Methali ya haba na haba haijapata kutimia kwa uwazi namna hii, maana kibaba kinajaa kweli, na kila haba ina picha yake.

Kazi hii haina msamaha. Povu moja likinaswa, au unywele ukidondoka kabla tabaka halijaganda, hubaki humo daima. Mchoraji wa turubai aliyekosea mstari huupaka rangi juu. Kwa Fukahori, rangi ya juu haifuti ya chini. Mwanga hupita katikati yake na kuonyesha zote mbili. Kwa hiyo sharti amjue samaki mzima kichwani tangu tone la kwanza, na amchore kinyume cha mazoea, kutoka tumboni kuelekea mgongoni. Anachora kama mchoraji, lakini anafikiri kama mchongaji, kwa sababu mchongaji ndiye anayelazimika kujua umbo limejificha wapi ndani ya gogo.

Kivuli kinastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa hakikuchorwa. Rangi ya kila tabaka huzuia mwanga halisi, na mwanga uliozuiwa huacha giza chini ya kisanduku. Jicho likikiona kivuli hicho huamini kwamba kuna mwili juu yake. Lakini pale chombo kinaporuhusu kutazamwa kwa ubavu, samaki huvunjika vipande: unabaki ukoko mwembamba wa rangi hapa, mwingine pale, na uwazi katikati. Samaki yupo kwa anayetazama kutoka juu tu.

Kutazama kutoka juu si hila aliyoibuni Fukahori. Samaki dhahabu walifika Japani kutoka China mwanzoni mwa karne ya 16, na katika enzi ya Edo, kati ya 1603 na 1868, wakapendwa hata na watu wa kawaida wa mijini. Vioo vilikuwa adimu, hivyo samaki walifugwa katika mabeseni ya mbao na vyungu vya udongo, na njia ya kuwaona ilikuwa kuinama. Wafugaji wakachagua vizazi vyenye migongo mizuri. Aina iitwayo ranchu, isiyo na pezi la mgongo, ilikuzwa makusudi kwa jicho linalotazama chini. Utagawa Kuniyoshi, bingwa wa picha za kuchapwa kwa mbao, aliwachora samaki hao wakitenda mambo ya wanadamu. Katika sherehe za kiangazi watoto wa Japani bado huwachota kwa kichoteo cha karatasi nyororo inayochanika mara ikilowa.

Mchezo huo wa kuchota huitwa kingyo sukui, na neno sukui, likiandikwa kwa herufi nyingine, lina maana ya wokovu. Fukahori aliipa kazi yake jina la wokovu wa samaki dhahabu, naye ana sababu. Mwaka 2000 alikuwa karibu kuacha sanaa. Chumbani kwake kulikuwa na samaki aliyeishi miaka saba katika tangi lililochafuka bila kutunzwa sana. Siku moja aliutazama mgongo wake mwekundu, akashika rangi, akaanza kuchora. Mwishoni mwa mwaka 2011 samaki waliotokana na siku ile walionyeshwa London, na video ya utengenezaji wao ikasambaa duniani. Keng Lye wa Singapore alivutiwa na mbinu hiyo akaisogeza mbele kwa kutumia kokoto kwa mwili wa pweza na ganda la yai kwa gamba la kobe, hata kiumbe kikachomoza juu ya uso wa rezini. Epoksi ina udhaifu wake: ikikaa juani hugeuka manjano, kwa hiyo kazi hizi hutaka kivuli kama samaki wenyewe.

Husemwa kwamba wasanii wa namna hii wanachanganya uchoraji na uchongaji. Usahihi zaidi ni kwamba wanarudi mahali ambapo viwili hivyo havijatenganishwa. Neno la Kijapani la sanaa kwa maana ya leo, bijutsu, lilitungwa katika miaka ya 1870, serikali ya Japani ya enzi ya Meiji ilipojiandaa kwa maonyesho ya Vienna ya mwaka 1873 na kuhitaji tafsiri ya neno la Kijerumani. Kabla ya hapo mafundi hawakupangwa kwa mafungu hayo. Sanamu za Buddha zilichongwa na kupakwa rangi. Mafundi wa maki-e walinyunyiza unga wa dhahabu juu ya utomvu mbichi wa mti wa urushi, wakapaka tena na kusugua, tabaka kwa tabaka. Hata picha ya nihonga, yaani uchoraji wa mtindo wa jadi wa Kijapani, ina mwili: rangi yake ni mawe yaliyosagwa na kushikwa kwa gundi ya wanyama, na jiwe lilelile la samawati hutoa rangi nzito likisagwa chengachenga, hafifu likiwa unga.

Yoshihiro Suda, aliyezaliwa Yamanashi mwaka 1969, huonyesha jambo hilohilo kwa njia ya kimya zaidi. Huchonga maua na magugu kutoka mbao za honoki, mti laini ambao mafundi wa zamani waliutumia kutengenezea ala za panga, kisha huyapaka rangi. Jani lake huwa jembamba hadi mwanga kulipenya, na alama za patasi hubaki zikionekana kwa anayesogea karibu. Kilichochongwa bila rangi kingekuwa kijiti tu, na rangi bila mchongo isingekuwa na pa kukaa. Katika jumba la makumbusho la Benesse House, kisiwani Naoshima, magugu yake ya mwaka 2002 yameota katika ufa wa ukuta wa zege. Hayakuwekewa jukwaa wala uzio. Wageni wengi huyapita wakienda kutazama kazi kubwa, na wachache huchuchumaa mbele ya ufa, nyuso zao karibu kabisa na zege, wakihakikisha kama kweli ni mti.