Viungo Vinane

Gari likichemsha, barabara nzima hujua. Mvuke hufumuka chini ya boneti, dereva huegesha kando huku akipangusa jasho, wapita njia hutoa ushauri ambao haukuombwa, na mwenye roho nzuri hutokea na dumu la maji. Tukio hilo limezoeleka kiasi kwamba neno lenyewe limehamia vijiweni: mwanafunzi aliyefeli amechemsha, mshambuliaji aliyepaisha penalti amechemsha. Maji yana uungwana huo. Yakielemewa, yanasema.

Oili haisemi. Hupanda joto kimyakimya, nyuzi 110 za Selsiasi, 120, 135, huku mshale wa joto la maji kwenye dashibodi umetulia katikati kana kwamba duniani hakuna shida. Inazidi kuwa nyepesi tu, na kadiri inavyokuwa nyepesi ndivyo inavyoshindwa kukaa pale ilipotumwa kukaa. Dereva hupata habari siku injini inaponoki, na siku hiyo dumu la maji la msamaria halina kazi.

Kwa hiyo kufunga kipoza oili kwenye gari la spoti linalopelekwa kwenye saketi ya mbio ni kazi ya kuwahi jambo ambalo bado halijaonekana. Kwa kuvitazama, vifaa vyake ni vichache: kitu kama rejeta ndogo ya alumini, hozi mbili, na bamba nene linalokaa kati ya injini na filta ya oili. Mtu mwenye spana na mchana mmoja anaweza kuvifunga. Kuvifunga vizuri ni habari nyingine, na gari likiwa limesimama huwezi kujua nani amefanya lipi.

Kwanza, kwa nini saketi? Barabarani hata mwenye mguu mzito hukanyaga mafuta hadi chini kwa sekunde chache tu. Halafu kuna tuta, kuna taa, kuna bodaboda aliyechomoza kutoka kusikojulikana. Kwenye saketi hakuna wa kumzuia. Injini inazunguka mara 6,000 au 7,000 kwa dakika kwa dakika 20 mfululizo, na takriban thuluthi moja tu ya nguvu ya petroli ndiyo inayofika kwenye kazi. Iliyobaki ni joto. Sehemu inatoka na ekzosi, sehemu inabebwa na maji ya rejeta. Lakini maji hayafiki kwenye beringi za krenki wala chini ya pistoni. Huko anayefika ni oili peke yake, tena katika tabaka la mikroni chache, jembamba kuliko unywele wa binadamu. Ndilo linalozuia chuma kisisage chuma. Likichemshwa kupita kiasi, hupungua unene, na oili yenyewe huzeeka haraka: kanuni wanayoitumia wakemia ni kwamba kila nyuzi 10 zinapoongezeka, kasi ya kuoza kwake huongezeka takriban maradufu.

Chukua Toyota 86, gari dogo la milango miwili lililoingia sokoni mwaka 2012, kazi ya pamoja ya Toyota na Subaru. Jina lake limerithiwa kutoka kwa Corolla ya miaka ya 1980 iliyokuwa na alama AE86, ambayo Wajapani huiita hachiroku, yaani nane-sita. Waliotengeneza injini mpya waliipenda namba hiyo hadi wakaiingiza ndani ya silinda: kipenyo milimita 86, mwendo wa pistoni milimita 86. Injini ni boksa ya lita 2, nguvu za farasi 200, na mstari mwekundu uko kwenye mizunguko 7,400 kwa dakika. Oili yake ya kawaida ni 0W-20, nyepesi tangu mwanzo, iliyochaguliwa kwa sababu inapunguza matumizi ya petroli. Kwa safari za mjini inatosha na kubaki. Ila gari hili linapendwa na watu wa saketi kuliko watu wa mjini, na lilitoka kiwandani bila kipoza oili. Mrithi wake, GR86 ya lita 2.4, amekuja nacho kiwandani, kikipozwa kwa maji.

Porsche walikuwa wamelimaliza darasa hilo zamani. Modeli ya 911 ilionyeshwa Frankfurt mwaka 1963, na hadi 1998 ilisifiwa kuwa injini yake hupozwa kwa hewa. Sifa hiyo ina ukweli nusu. Feni ilipuliza silinda, sawa, lakini mzigo mkubwa wa joto ulibebwa na oili, zaidi ya lita 10 katika matoleo ya baadaye, ikikaa kwenye tangi lake pembeni. Nguvu zilipoongezeka, feni haikutosha. Mwaka 1969 toleo la 911 S likapewa kipoza cha pili ndani ya bawa la mbele, upande wa kulia. Injini iko nyuma kabisa, kipoza kiko mbele kabisa, kwa hiyo oili ilisafirishwa kwa mabomba marefu chini ya ubavu wa gari zima, kwenda na kurudi. Ni safari ndefu kwa oili, na ndiyo iliyofaa: mbele ndiko kuliko na hewa.

Kuna kituko kimoja hapo ambacho wapenzi wa 911 hawachoki kukisimulia. Mwaka 1972 tangi la oili lilisogezwa mbele ya gurudumu la nyuma, na mlango wake wa kujazia ukawekwa nje ubavuni, unafanana kabisa na mlango wa petroli. Wahudumu wa vituo vya mafuta wakaanza kujaza petroli kwenye oili. Mwaka uliofuata tangi likarudishwa lilikokuwa.

Magari hayo yalifika hadi kwetu. Katika Safari Rally ya 1974, Björn Waldegård alimaliza wa pili na 911 nyuma ya Joginder Singh na Mitsubishi yake. Mwaka 1978 Vic Preston Jr. akamaliza wa pili tena, katika 911 iliyoinuliwa sentimita 28 kutoka ardhini. Kombe lenyewe la Safari ya enzi hizo Porsche hawakulipata, lakini kufika wa pili baada ya maelfu ya kilomita za vumbi na tope na injini isiyo na rejeta ya maji si jambo la kubezwa.

Turudi gereji. Fundi anayeijua kazi hii haanzi na spana. Anaanza na geji. Magari mengi ya mtaani hayaonyeshi joto la oili, kwa hiyo anafunga kihisio kwanza na kumrudisha mwenye gari saketini akasome namba. Hapo ndipo wateja wengi hukasirika. Wamekuja na kipoza chenye safu 34 kwenye boksi, kikubwa kupita vyote dukani, na wanataka kifungwe leo. Fundi anauliza swali moja: ilifika ngapi? Kama ilifika 115, pengine tatizo ni oili isiyofaa na dawa ni kubadilisha aina ya oili. Kama ilivuka 130, basi safu 19 au 25 huenda zikatosha. Kikubwa mno kina madhara yake. Oili inayobaki chini ya nyuzi 80 haikaushi unyevu wala petroli iliyovujia ndani yake. Ukifungua kifuniko cha kujazia oili unakuta ute wa rangi ya maziwa. Injini inataka oili ya moto. Inataka moto wa kiasi.

Ndiyo sababu bamba lile lina themostati ndani. Oili ikiwa baridi, mlango umefungwa na inazunguka ndani ya injini kama zamani, ila kiasi kidogo huachwa kipite ili hozi zisikae na hewa. Ikikaribia nyuzi 80, nta iliyo ndani ya themostati inavimba, mlango unafunguka, na mkondo unaelekea mbele. Kwenye Toyota 86 filta imesimama wima juu ya injini, mahali ambapo mkono unafika bila kulala chini ya gari. Mafundi waliowahi kufungua filta huku oili ikiwatiririkia kwapani wanajua hiyo ni neema kiasi gani.

Mahali pa kuweka kipoza pana ubishi wake. Wengi hukining'iniza nyuma ya bampa mbele ya rejeta, kisha hushangaa maji yanapoanza kupanda joto: hewa inayofika kwenye rejeta imekwisha kuchomwa na oili. Wengine hukiweka pembeni mbele ya gurudumu na kuamini kwamba kasi ya gari itafanya mengine. Haifanyi. Hewa ina uvivu wa maji ya mtaro. Ikipata upenyo wa kukwepa mapezi ya kipoza, itaupita. Fundi hutengeneza njia ya bati au plastiki, mdomo mdogo, tumbo pana, na kuziba kingo kwa sponji mpaka isibaki nafasi ya kupitisha kidole. Kisha anafanya jambo linalosahaulika zaidi, anatoboa njia ya kutokea. Hewa isiyo na pa kutokea haiingii. Na mwenye gari Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ana deni la ziada: hewa yake ni nyepesi kwa takriban moja ya sita kuliko ya Mombasa, kwa hiyo kila pumzi inayopita kwenye kipoza inabeba joto pungufu.

Mengine ni ya haraka. Midomo ya kipoza itazame juu, hewa ipate kutoka. Kikae kwenye mipira, maana alumini ikitikisika juu ya chuma hupasuka. Wavu wa kuzuia kokoto uwe mbele. Na kipoza kilichotoka kwenye injini iliyokufa kisinunuliwe hata kwa bei ya kutupa, kwa sababu vipande vya beringi hujificha ndani ya mirija yake na hakuna uoshaji unaovitoa vyote.

Hozi ndiyo inayostahili kutazamwa kwa karibu. Ni mpira uliovikwa nyuzi za chuma cha pua zilizosukwa kama ukili. Ukiikata ovyo, nyuzi zinafumuka kama ufagio na kila moja ni sindano. Fundi huzungushia utepe mara tatu au nne pale anapotaka kukata, anaukaza, anakata katikati ya utepe kwa kisu cha diski nyembamba, mkato mmoja ulionyooka. Kisha anapuliza ndani kwa kompresa, anaosha, anapuliza tena, anaiinua kwenye mwanga na kuchungulia kama mtu anayetazama kwa darubini. Chembe ya mpira isiyozidi punje ya ufuta inaweza kuziba tundu linalorushia oili kwenye pistoni.

Halafu fitingi. Vipimo vyake vinatokana na kiwango cha jeshi la nchi kavu na la majini la Marekani: namba 10 maana yake ni sehemu 10 za 16 za inchi, kama milimita 16. Ncha ina mteremko wa digrii 37, koni dhidi ya koni, na kuziba kunafanyika hapo, chuma juu ya chuma. Nyuzi za nati kazi yake ni kuvuta tu. Anayezungushia utepe mweupe wa mabomba ya maji kwenye nyuzi hizo anaonyesha kwamba hajui kinachozuia oili kuvuja, na kipande cha utepe huo kikikatika husafiri moja kwa moja hadi ndani ya injini. Wakati wa kukaza, fundi hushika spana mbili: moja inazungusha nati, nyingine inashikilia mdomo wa kipoza usipindike. Akimaliza anachora mstari mdogo wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye mwili wa fitingi. Mstari ukivunjika, nati imetembea.

Hesabu ni hii. Kiwandani njia hiyo ya oili haikuwa na kiungo hata kimoja nje ya injini. Sasa kuna viwili kwenye bamba, viwili kwenye kipoza, na vinne pale hozi inapoingia kwenye fitingi zake. Vinane. Kila kimoja ni mahali ambapo gari linaweza kuumizwa na kitu kilichowekwa ili kulilinda, na wapo wanaosema, kwa haki kabisa, kwamba wasiokwenda saketini wasijitafutie viungo hivyo.

Tena si gari hilo peke yake. Nürburgring, Ujerumani, kuna saketi ya kaskazini iliyofunguliwa mwaka 1927, zaidi ya kilomita 20 zikipanda na kushuka msituni, na siku zilizotengwa mtu wa kawaida mwenye leseni hulipa na kuingia na gari lake. Hozi ikichomoka mle, pampu ya injini haina habari. Inaendelea kusukuma, na lita 5 huisha kwa sekunde chache. Sehemu inaangukia chini ya matairi ya mwenyewe. Nyingine inabaki kwenye kona, inang'aa, ikimngoja mgeni anayekuja nyuma kwa kilomita 150 kwa saa. Aliyemwaga hulipia usafishaji. Mgeni hajui hata fundi aliyekaza ile nati anaitwa nani, lakini kwa sekunde hiyo maisha yake yako kwenye mkono huo.

Kwa hiyo injini haiwashwi papo hapo. Fyuzi ya pampu ya petroli inachomolewa, stata inapigwa kwa vipindi vifupi hadi taa nyekundu ya oili izimike, ishara kwamba oili imepata shinikizo. Ndipo fyuzi inarudi. Injini inaunguruma polepole, fundi anapitisha karatasi nyeupe ya kufutia kwenye viungo vyote, anaitazama kwenye mwanga. Anazima, anasubiri, anachomoa kijiti cha kupimia, anaongeza nusu lita.

Asubuhi ya saketi kuna baridi, na kabla gari halijatoka fundi anabandika vipande vitatu vya utepe kwenye uso wa kipoza. Mwenye gari anashangaa: kipoza cha bei ile kinazibwa? Hajibiwi. Baada ya raundi nne anarudi, anashusha kioo na kutaja namba: 121. Fundi anapiga magoti mbele ya bampa, anabandua kipande kimoja, anakibandika kwenye mkono wa ovaroli yake, kisha anampungia aende.