Acha Vile Alivyoacha

Mifuko mitatu ya mchele ilishushwa kwenye pikipiki mbele ya kitivo cha sheria, asubuhi ya mvua, na kijana aliyeileta akasema tu kwamba ni karatasi za baba. Baba yake huyo, profesa, alifundisha sheria miaka mingi. Matanga yalikuwa yamekwisha na chumba chake kilihitajika. Mama anayetunza makaratasi ya kitivo alitandika turubai, akaweka mifuko juu yake, akaenda kunawa mikono na kuikausha vizuri. Mimi nilikuwa hapo kutafuta TFC moja ya zamani, ile kazi ya mwanafunzi ya kumalizia masomo. Nikaona nisaidie: nikafungua mfuko wa kwanza nikaanza kutenganisha, jinai huku, ardhi kule, barua pembeni. Alinishika mkono.

"Usitoshe hata moja, mwanangu. Acha vile alivyoacha."

Kutosha, kwetu Bunia, ni kutoa. Nilitii bila kuelewa. Ilinichukua wiki kadhaa za kukaa karibu na meza yake ndipo nikaanza kuuona ufundi wenyewe, na tangu hapo sijaacha kuusifu.

Nikupe mfano mmoja. Katika mfuko wa pili kulikuwa na sillabu ya sheria ya ardhi, nakala tano za miaka mitano, zimefungwa pamoja kwa kamba ya raba. Aliyesoma chuo Kongo anajua sillabu ni nini: ndiyo kitabu, ndiyo mwalimu asipokuwepo. Katika kila nakala, profesa alikuwa ameweka alama kwenye kifungu cha 389 cha sheria ya 20 Julai 1973. Vifungu vya hapo viliingiza ardhi zinazokaliwa na jamii za vijijini katika mali ya Serikali, kisha vikaahidi kwamba haki za wakazi wake zitapangwa kwa ordonansi, yaani amri, ya Rais. Wanafunzi walizeeka wakiingojea ordonansi hiyo. Pembeni mwa kila nakala profesa aliandika neno moja: bado.

Lakini kati ya nakala ya tatu na ya nne kulikuwa na barua ya mwanafunzi, ukurasa mmoja, akiuliza shamba la babu yake ni la nani ikiwa mtu mwingine ana hati na wao wana makaburi. Katika nakala ya nne, swali hilohilo limekuwa swali la mtihani, na somo zima limepangwa upya kulizunguka. Kama ningeendelea na ule utenganishaji wangu, barua ingekwenda kwenye rundo la barua, sillabu kwenye rundo la sillabu, na hakuna mtu ambaye angejua tena kwamba karatasi moja ya mwanafunzi ndiyo iliyobadilisha ufundishaji wa sheria ya ardhi katika chumba kile. Kila karatasi ingekuwepo, lakini uhusiano ungekufa.

Wenye fani hii ya kutunza nyaraka wana kanuni yake. Ufaransa, mwaka 1841, serikali iliagiza karatasi zilizotoka kwa mtu au ofisi moja zikae pamoja, zisichanganywe na za wengine. Mwaka 1898 Waholanzi watatu, Muller, Feith na Fruin, walitoa mwongozo uliokwenda mbele zaidi: zikae pia katika mpangilio uleule zilizokuwa nao zilipokuwa zikitumika. Mama yule hakutaja tarehe hizo. Alisema tu kwamba mtu akifa, mpangilio wake ndiyo sauti yake ya mwisho, na kwamba msaidizi mwenye haraka ni hatari kuliko mchwa.

Nasema haya nikiwa Ituri, mkoa wetu wa Bunia, na naomba msomaji asiyeijua Ituri avumilie kidogo. Vita vilivyoanza Djugu mwaka 1999 viliota kwenye ugomvi wa ardhi, kwenye mashamba ya konsesioni na hati zake. Hapa karatasi imewahi kuwa mwanzo wa damu. Na damu ilipomwagika, karatasi ndiyo iliyotafutwa tena. Bunia ya Mei 2003 haikuwa na mahakama inayofanya kazi. Mahakimu walirudishwa mwanzoni mwa 2004 kwa msaada wa Umoja wa Ulaya. Miaka miwili baadaye, 24 Machi 2006, mahakama ya kijeshi ya hapa mjini ilimhukumu kapteni wa jeshi kwa uhalifu wa kivita, uporaji na mauaji ya wanafunzi waliobebeshwa vitu vilivyoporwa, na ikatumia moja kwa moja Mkataba wa Roma ambao Kongo iliuridhia mwaka 2002. Hukumu hiyo leo inasomwa na wanasheria mbali sana na Ituri. Inasomeka kwa sababu kuna karani aliyetia dosie namba yake ya RP, ya rejesta ya jinai, akahesabu vipande vyake kimoja kimoja, akavishona kwa uzi.

Na The Hague, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, je? Kesi ya Thomas Lubanga, kiongozi wa wapiganaji wa Ituri aliyeshtakiwa kwa kuingiza vitani watoto wa chini ya miaka 15, ilisimamishwa Juni 2008, hata kabla shahidi wa kwanza hajasimama, kwa sababu upande wa mashtaka ulikuwa na nyaraka zaidi ya 200 ulizopewa kwa sharti la siri, nyingi zikitoka Umoja wa Mataifa, na utetezi haukuweza kuonyeshwa. Ilianza kusikilizwa 26 Januari 2009. Humo ndani, ubishi mkubwa ulikuwa juu ya umri: mtoto huyu alikuwa na miaka 15 au hakuwa nayo? Katika nchi ambako watoto wengi hawana cheti cha kuzaliwa, madaftari ya shule za Ituri yakawa ushahidi wa kuvutana. Nawaza juu ya mwalimu mkuu wa kijijini aliyejaza daftari lake kwa biki ya bluu, jina, mwaka, jina la baba, bila kujua majaji wa dunia wangeinamia mwandiko wake.

Tangu 6 Mei 2021, hali ya kuzingirwa ilipoanza hapa na mashauri ya jinai kupelekwa mahakama za kijeshi, dosie zimehama rafu. Katika kuhama huko ndiko mambo yanakopotea. Dosie yenye orodha ya vipande itafika pungufu na upungufu utaonekana. Isiyo na orodha itafika pungufu na hakuna atakayejua.

Kitivo cha sheria nacho kina namna yake ya kupoteza. Kozi nyingi hapa zimefundishwa na maprofesa waliosafiri kutoka Kisangani au Kinshasa, wakafundisha majuma mawili mfululizo, wakaondoka na maandishi yao. Kinachobaki ni daftari la asistenti, nakala ya mtihani, na zile TFC na memwari ambazo wanafunzi huzidharau mara tu wanapotetea. Mimi nasema hizo TFC ndizo hazina. Mwanafunzi alikwenda kwa chifu, akakaa, akauliza urithi unagawanywaje, akaandika. Akanakili hukumu ya zamani kama kiambatisho. Chifu amefariki, asili ya hukumu haipatikani tena, kiambatisho kipo.

Kwingine wamejitahidi kutunza. Kule Dar es Salaam, ambako kitivo cha sheria kilianza mwaka 1961 katika jengo la chama cha TANU, Profesa Issa Shivji alifundisha tangu 1970 hadi 2006. Karatasi alizokusanya na wenzake Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata kwa ajili ya wasifu wa Nyerere, uliotoka 2020 kwa juzuu tatu, ziliwekwa wazi kwa wasomaji wengine katika Kavazi la Mwalimu Nyerere. Kavazi: neno hilo nalipenda. Sisi tunasema arshivu, kwa mdomo wa Kifaransa, lakini nimeanza kulipanda hapa Bunia na linaota. Harvard, kwenye maktaba ya shule ya sheria, wanatunza karatasi za maprofesa wao pamoja na karibu kurasa milioni moja za kesi za Nuremberg. Wana vyumba vyenye ubaridi uliopimwa. Mama ana dirisha, na anajua saa ya kulifungua.

Kazi yake ni ya mikono zaidi kuliko watu wanavyodhani. Agrafi zenye kutu huziinua kwa kisu butu, mguu mmoja kisha mwingine, karatasi isichanike. Huandika kwa penseli tu, kwenye kona. Rafu imesimama mbali na ukuta kiasi cha kiganja, na hakuna kinachogusa sakafu. Vumbi hulitoa kwa brashi laini, kutoka katikati kwenda nje. Kila kipande hukipa namba na mstari mmoja kwenye orodha, na mstari huo huusoma kwa sauti kabla ya kuuandika.

Siku tulipofika mwisho wa mfuko wa tatu, ilitoka folda moja ya kahawia. Kwa nje profesa alikuwa ameandika: 389, ordonansi. Nikaifungua. Hakuna kitu. Nikaiweka upande wa taka.

Mama aliichukua, akaipangusa, akachonga penseli yake. Akasoma kwa sauti, kisha akaandika: namba 214, folda moja, tupu. Akaipanga mahali pake, baada ya 213.