Rafiki wa Utotoni katika Tanzia ya Kiswahili
Katika "Amina", Shaaban Robert anaomboleza akiwa mgane. Haki yake ya kulia haihojiwi. Rafiki wa utotoni hana hadhi hiyo. Tanzia zichapishwazo magazetini, Eldoret na kwingineko nchini Kenya, huwataja wazazi, mke, watoto na ndugu kwa majina; rafiki, akikumbukwa, humezwa na neno "wengi". Pengine ndiyo maana shairi la kumlilia rafiki huelemewa na sifa: mtunzi anajitafutia nafasi matangani.

Wakalenjin wamempa nafasi hiyo kwa jina. Walioingia jandoni pamoja ni rika moja hadi kufa, na majina ya marika, Maina au Sawe, huzunguka yakarejea baada ya takriban karne. Jina hurudi; aliyechunga ndama nawe harudi. Mtunzi amsifuye mzee tu amemwacha mtoto huyo bila kuliliwa.