Kadi Iliyo Macho

Katika wote walioshiriki kuzibuni seva, yaani kompyuta zile kubwa zinazohudumia watu wengi kwa pamoja, sijaona wanaostahiki taadhima kuliko waliobuni kadi ya kuiongoza seva kwa mbali. Kwani wenzao walishughulika na nguvu na kasi, ilhali wao waliketi wakatafakari jambo ambalo aghalabu watu huliepuka: siku mashine itakapozimika, ni nani atakayesalia kutoa habari zake?

Mathalani, itazame DRAC 5, ambayo kampuni ya Dell iliziundia seva zake kama vile PowerEdge 2950. Asomaye waraka wa sifa zake kwa pupa huenda akaidharau, maana tundu lake la mtandao ni la megabiti 10 au 100 kwa sekunde, hali seva yenyewe iliyoibeba ina matundu ya gigabiti nzima. Walakini huo si upungufu, bali ni kiasi cha mtu ajuaye haja yake, kwa kuwa amri za fundi ni maneno machache, na picha ya skrini haidai njia pana. Lililo azizi ni kwamba kadi hiyo ina prosesa yake, kumbukumbu yake, anwani yake ya mtandao na waya wake, tena hutumia umeme ule mdogo uendeleao kupita maadamu seva imechomekwa ukutani, hata ikiwa imezimwa; hivyo seva ikianguka, kadi haianguki nayo.

Basi fundi aliye mji mwingine, usiku wa manane, hufungua kivinjari akaiona skrini ile ile ambayo angeiona lau angalisimama mbele ya mashine: herufi nyeupe juu ya weusi, kumbukumbu ikihesabiwa, na chini yake ilani ya diski iliyoharibika. Huikatia seva umeme na kuirudishia; hutia CD katika kompyuta iliyo mezani pake, na seva huko iliko ikaisoma kana kwamba imetiwa tumboni mwake. Akitaka kujua joto, volti, au feni zinazunguka mara ngapi kwa dakika, huuliza akajibiwa. Huu, kwangu mimi, ni ustadi wa daraja ya juu.

Lugha ya maulizo hayo, IPMI, ilitolewa mwaka 1998 na Intel, Dell, Hewlett-Packard na NEC, na toleo lake la pili likafuata mwaka 2004. Lina kasoro nzito: mwaka 2013 mtafiti Dan Farmer alibainisha kwamba agongaye mlango wa mtandao nambari 623, ambao lugha hiyo huutumia, hupewa alama iliyokokotolewa kutokana na nywila kabla hajathibitisha yeye ni nani, kisha aweza kwenda zake kuibahatisha nywila hiyo kwa nafasi yake. Na mwenye kuishika kadi ameishika seva yote.

Kwa hiyo, ewe fundi, usiiache kadi hii ikabili intaneti, wala usiichanganye na njia wapitiayo watumiaji. Itengee mtandao wake wa pekee, na ile nywila ya kiwandani, iliyochapwa katika kila kitabu cha maelekezo, ibadilishe kabla hujakifunga kifuniko cha seva.